Ua Usio na Ua

Mwezi Machi mwaka jana lori lilisimama mbele ya geti la jirani yangu hapa Kigamboni, limesheheni vitofali vya pevingi. Kazi ilichukua siku nne. Siku ya kwanza vijana walikata mpapai uliokuwa na matunda bado mabichi, wakang'oa shina la mchaichai lililokuwa pembeni ya bafu, wakafyeka matembele yaliyotambaa chini ya dirisha la jiko. Siku ya pili wakamwaga mchanga na kushindilia. Ilipofika siku ya nne ua mzima, kuanzia barazani hadi ukuta wa nyuma, ulikuwa wa kijivu, umelala sawasawa kama meza.

Fundi wao, kijana mwenye adabu zake, alipita kwangu kuomba maji ya kunywa. "Shikamoo mama." Nikaitikia, nikampa maji. Akanywa huku anatazama matuta yangu ya mchicha, bamia zilizoanza kuchanua, na asmini iliyopanda juu ya kichanja cha tangi. Kisha akauliza kwa nia njema kabisa: "Sasa mama, na hapa kwako tuje tukusafishie lini?"

Neno hilo limenikaa moyoni hadi leo. Kusafisha. Kijana yule hakukusudia kunitukana. Alisema lugha ya mji wote. Pita Mbezi, pita Tabata, pita Chanika kwenye nyumba ambazo hata rangi hazijapakwa, utaona kitu kilekile: mtu akimaliza paa na madirisha, hatua inayofuata ni kuziba ardhi. Udongo umekuwa uchafu. Jani limekuwa pori. Na mimi nasema tumekosea hapo, tena kosa lenyewe tunalilipia kila mwaka masika yakija, bila kulitambua.

Sidharau woga uliotufikisha hapa. Nilikulia Tanga, katika nyumba ya chokaa iliyokuwa na ua mpana nyuma, na mama yangu aliufagia kwa ufagio wa chelewa kila alfajiri kabla jua halijachomoza. Mistari ya ufagio ilibaki mchangani imejipanga, na sisi watoto tulikatazwa kuikanyaga mpaka chai iive. Mama alikuwa na sababu zake. Nyasi ndefu karibu na mlango ni maficho ya nyoka. Makopo yaliyoachwa hovyo hushika maji, na maji yaliyotuama huzalisha mbu. Mwanamke asiyefagia ua wake alisemwa, na kusemwa mtaani kwetu hakukuwa jambo dogo.

Lakini nikikumbuka vizuri, mama alifagia katikati tu. Kandokando ya ua kulijaa. Asmini ilikaa karibu na mlango wa uani ili harufu iingie ndani jioni. Mrehani ulikuwa mkabala na jiko. Mchaichai na mgomba vilipandwa pale mfereji wa bafu ulipotokea, maana maji ya kuogea hayakuwa ya kupotea bure. Kulikuwa na mkomamanga, mpilipili mbuzi mmoja uliozaa bila kuombwa, na kamba ya kunde juu ya wigo. Kila mmea ulikuwa na mahali pake na kazi yake. Na hapo katikati palipofagiliwa palibaki udongo, na udongo ule ulikunywa mvua yote iliyoushukia.

Kufagia na kuziba ni mambo mawili mbali kabisa. Hilo ndilo ningependa lieleweke kabla sijaenda mbele.

Kiswahili chenyewe kimetuwekea jambo la kutafakari. Ua ni pale nyuma ya nyumba, penye wigo, ambapo watu wa nyumbani hukaa, hupika na kuanika. Ua ni lile linalochanua. Wingi wake ni tofauti, nyua na maua, na wanaisimu watatuambia kwamba ni maneno mawili yaliyokutana kwa bahati. Sawa. Hata hivyo watu wa Pwani walioishi na maneno hayo walihakikisha kwamba chao kimoja hakikosi kingine. Nani katika mwambao huu, kutoka Lamu mpaka Kilwa, hajui kikuba? Asmini, mrehani, ukadi, waridi, kilua, langilangi kwa aliyebahatika kuwa na mti wake: mwanamke alivichuma uani kwake au kwa jirani, akavifunga pamoja, akavibandika kifuani au kwenye nywele. Bi harusi hakutoka bila harufu hiyo. Leo kikuba kinanunuliwa, na wauzaji wanazidi kupungua, kwa kuwa maua yenyewe hayana pa kuota.

Basi tuingie bustanini, maana hoja isiyo na jembe ni maneno matupu.

Anayetaka kulima mboga uani huku Pwani inampasa kwanza aachane na jambo moja tulilofundishwa shule: kwamba mvua ikinyesha ndipo unapopanda. Kwa mahindi na mpunga ni kweli. Kwa bustani ya mboga katika joto na unyevu wa Dar es Salaam ni kweli nusu, na mimi niliipata nusu ya pili kwa hasara. Mwaka wa kwanza nilipohamia hapa nilipandikiza miche 24 ya nyanya katikati ya Machi, nikashangilia masika yalipoanza. Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote katika jiji hili. Majani ya chini yalianza kupata madoa meusi, madoa yakapanda juu, mashina yakalainika, na ndani ya wiki tatu nilikuwa nang'oa mmoja mmoja na kuchoma. Bakajani. Vimelea vya ugonjwa ule huhitaji jani lililolowa kwa saa nyingi, na kila tone zito la mvua hurusha udongo kutoka chini na kuupaka kwenye majani. Nilikuwa nimeyapeleka mazao yangu mahali ambapo ugonjwa ulikuwa umeshaandaliwa kitanda.

Mzee mmoja wa Kibada ambaye amelima mchicha wa kuuza tangu ujana wake ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia masika huku kwetu si wakati wa kuvuna nyanya, ni wakati wa kuosha ardhi. Sikumwelewa mpaka kiangazi cha mwaka uliofuata.

Sehemu hii ya jiji wengi tunategemea visima, na visima vilivyo karibu na bahari hutoa maji yenye chumvi. Ukimwagilia maji hayo kila siku Januari na Februari, jua hunyonya maji na kuacha chumvi juu ya tuta. Mwisho wa Februari utaona ukoko mweupe, mwembamba kama unga uliomwagika. Maharage ndiyo hulalamika kwanza: kingo za majani hukauka na kuwa za kahawia kama zilizopitishwa motoni. Sasa masika yakija, maji ya mvua ambayo hayana chumvi hushuka katika kichanga chetu, hubeba chumvi ile na kuipeleka chini, mbali na mizizi. Mvua ya Aprili na Mei hufanya kazi ambayo mimi na ndoo zangu hatuwezi kuifanya. Kwa hiyo miezi hiyo naiacha ifanye. Nabakiza matembele, yanayopenda mvua kuliko kitu chochote, na kisamvu, na majani ya maboga. Mlenda hujiotea wenyewe mahali popote na mimi naushukuru.

Kichanga kina ubaya wake: kinapoacha chumvi ishuke, huacha na rutuba ishuke. Ndiyo maana kazi kubwa kuliko zote katika mwaka wangu ni ile ya mwisho wa Mei. Natoa mboji shimoni, iliyotokana na maganda ya ndizi na viazi, majani ya mwembe na majani ya chai, pamoja na samadi ya kuku niliyoiacha ikaoza kwa miezi miwili mitatu. Samadi mbichi ya kuku ni kali, huunguza mizizi. Naichanganya na udongo wa juu kwa uma mpaka mikono inauma. Udongo wa Kigamboni ukiutia mboji miaka mitano mfululizo hubadilika rangi. Wangu ulikuwa mweupe kama ule wa ufukweni. Sasa ukichimba kiganja kimoja unakuta kahawia, na minyoo.

Mwaka wangu, kwa hiyo, unaanza Juni. Kipupwe ndicho majira ya bustani katika Pwani hii, na ninasikitika kila nikiona watu wanaacha matuta yao wazi wakati huo eti mvua zimeisha. Usiku wa Julai joto hushuka mpaka kama nyuzi 18 au 19. Usiku wa Januari hukaa karibu na 25. Tofauti hiyo kwetu sisi ni shuka moja kitandani. Kwa mnyanya ni kuzaa au kutozaa, kwa sababu usiku ukiwa na joto sana chavua hukosa nguvu na maua hudondoka kabla hayajashika tunda. Ninasia mbegu kitaluni katikati ya Mei chini ya kivuli cha makuti, ninapandikiza katikati ya Juni jioni jua likiwa limelala, na nyanya za kwanza huingia jikoni kuelekea Septemba. Chainizi, figiri, spinachi, karoti chache, vitunguu vya majani, vyote hupenda miezi hiyo.

Adui wa kipupwe ni upepo. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, na kwa sisi tulio karibu na maji huja na ukungu wa chumvi unaounguza majani laini. Nimepanda mchaichai na safu ya mihogo upande huo. Mihogo hupata makovu, mboga nyuma yake hupona, na mimi nakula kisamvu cha upande usioungua. Ifikapo maleleji, kusi likichoka na kaskazi bado halijashika, hewa hutulia na kila kitu bustanini huonekana kimepumua. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ninayoipenda kupita yote.

Vuli siiamini tena. Zamani mama aliihesabu kwa vidole: Oktoba inanusa, Novemba inanyesha, Desemba inamaliza. Mwaka 2022 vuli ilichelewa, Mto Ruvu ukapungua, na Oktoba jiji zima likaingia kwenye mgao wa maji. Mwaka uliofuata ikaja El Nino na mvua zikapiga mpaka barabara zikakatika. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, kikapiga Mafia, jambo ambalo wazee wengi hawakuwahi kuliona. Sasa ninapanda kwa mafungu. Kunde na maboga nusu natia Oktoba mvua za kwanza zikidondoka, nusu nazificha ndani ya chupa mpaka Novemba ithibitike. Mbegu iliyobaki kwenye chupa imeniokoa zaidi ya mara moja.

Kuhusu nyanya sina budi kusema jambo jingine, maana wasomaji wengi watakuwa wamepigwa na janga hilohilo. Mwaka 2014 aliingia nchini mdudu ambaye wakulima walimpa jina la kantangaze. Ni nondo mdogo wa kijivu, asili yake Amerika Kusini. Hispania alionekana mwaka 2006, na kutoka huko akasambaa mpaka akatufikia. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani, baina ya ngozi ya juu na ya chini, ambako dawa ya kupuliza haimfikii kirahisi, kisha hutoboa tunda. Shamba zima huweza kuondoka. Nimeona watu wakijibu kwa kupuliza sumu kali kila siku tatu kwenye bustani ya uani, mita mbili kutoka kwenye kamba ya nguo za mtoto, na kuchuma siku inayofuata. Hilo ninalipinga kwa nguvu zangu zote. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye kibandiko, na asiyezisoma anailisha sumu familia yake.

Mimi nimepunguza nyanya. Napanda miche 8 badala ya 24, naikagua asubuhi, jani lenye michirizi nalichuma na kulichoma siku hiyohiyo. Sehemu iliyobaki nimeipa nyanya chungu. Mdudu yule huipenda nyanya kuliko ndugu zake wote. Mti mmoja wa nyanya chungu ukipaliliwa na kupewa mboji huzaa miezi mingi, na ukiukata baada ya msimu huchipua tena. Ni ajabu mboga iliyotulea tunaifanya ya wageni wa kijijini, halafu tunahangaika na ile inayotutesa.

Kiangazi ni majira ya uvumilivu. Januari na Februari ninalima kile tu kinachostahimili: mchicha, bamia, nyanya chungu, matembele karibu na bafu. Mchicha ukiusia leo, siku ya nne umetokeza, na baada ya wiki tatu au nne unang'oa. Hakuna mboga inayomrudishia mtu upesi hivyo katikati ya joto lile. Namwagilia alfajiri na jioni, mchana kamwe, na naweka matandazo ya majani makavu na makumbi ya nazi ili jua lisifike kwenye udongo wenyewe. Maji ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi nyumbani kwangu. Wajukuu wamezoea, ukiwaona wanatembea na bakuli polepole kuelekea uani, wanajua tuta la zamu.

Nimesema mengi ya mboga. Watu wakiniachia mboga hunishangaa kwa maua. Wanaelewa mchicha, kwani unaliwa. Wanauliza asmini ya nini, waridi la nini katika nafasi ndogo hivyo.

Jibu langu la kwanza ni boga. Mmea huu una maua ya kiume na ya kike, mbalimbali, kwenye shina moja. Ua la kike utalijua kwa kiboga kidogo chini yake. Hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri limeshajifunga, na lisipopata nyuki katika saa hizo chache, kile kiboga hugeuka manjano na kuanguka. Mtaa ulioziba nyua zote hauna nyuki. Nilikuwa nachukua ua la kiume kwa mkono wangu na kulipangusa juu ya la kike, kila asubuhi, mpaka nilipouacha mrehani utoe maua badala ya kuukata kata. Ukichanua, nyuki hukaa hapo kutwa. Siku hizi maboga yanashika bila mkono wangu. Kuna na nzi wadogo wa maua, wenye mistari kama ya nyigu, wanaoelea hewani bila kusogea. Watoto wao hula vidukari kwenye kunde zangu. Nao hufuata maua.

Jibu la pili ni jioni. Vitumba vya asmini huchumwa jua linapozama, vikiwa vimefumba, navyo hufunguka usiku ndani ya nyumba. Kisahani kimoja kando ya kitanda kinatosha. Nilimuuguza mama yangu katika chumba cha nyuma kwa miezi saba. Alikuwa amesahau majina yetu, na wakati mwingine hata swala alianza na kuishia njiani. Lakini kila nilipoingiza kile kisahani alifumbua macho na kusema, jua limezama. Siwezi kumweleza mtu faida ya ua kwa hesabu ya shilingi baada ya hayo.

Na jibu la tatu linaniuma kama Mtanga. Katika misitu ya Usambara, penye miamba na kivuli, kuna ua dogo la zambarau. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata wataalamu wa huko wakaliandika kwa jina linalotokana na lake, Saintpaulia. Wajerumani mpaka leo huliita kwa jina la Usambara. Liko madirishani Ulaya na Marekani, wanalistawisha, wanazalisha rangi mpya, wana vyama vya kulishindanisha. Mimi nimezaliwa chini ya milima ile, na nilikuwa na zaidi ya miaka 40 nilipoliona kwa mara ya kwanza, tena ndani ya chungu katika nyumba ya mgeni. Misitu linapoota porini inazidi kupungua. Tunapojifunza kwamba ua ni anasa, hiki ndicho tunachokuwa tayari kukipoteza bila kujua tulikuwa nacho.

Kuna wanaosema bustani ya uani haina hesabu: fungu la mchicha sokoni ni bei ndogo, na maji, samadi na muda wako vinazidi hapo. Kwa mchicha peke yake wana haki, na sitadanganya kwamba nimetajirika. Mama anayepita na beseni la mboga asubuhi bado ni mteja wangu na mimi ni wake. Ananunua kwangu mchaichai na mrehani, nanunua kwake mgagani na mnavu. Ila kuna jambo ambalo bei ya fungu haionyeshi. Sehemu ya mboga za jiji hili humwagiliwa kwa maji ya mabonde yanayopokea uchafu wa viwanda na makaro, na tafiti zilizofanywa katika Bonde la Msimbazi zimekuta metali nzito kwenye udongo na kwenye mboga zenyewe. Simlaumu mkulima wa bondeni, anayelima penye maji kwa kuwa hana kwingine. Ninachosema ni kwamba tuta langu najua lilinyweshwa nini.

Tena hatukuwa hivi. Baada ya vita vya Kagera na katika uhaba wa miaka ya 1980, mishahara ilipokosa thamani, ni nyua zilizowalisha watu wa mijini: walimu, makarani, wauguzi, hata mabosi wa wizara walikuwa na matuta na kuku nyuma ya nyumba za serikali. Serikali yenyewe ililitambua jambo hilo. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliruhusu mkazi wa mji kulima hadi ekari tatu. Leo nani anazungumzia ekari? Viwanja vyenyewe vimekuwa vya mita 20 kwa 20, nyumba imekula nusu, gari limekula robo. Ninachoomba ni kidogo mno kuliko kile cha 1992.

Ninaomba kwamba mtu anapojenga, aache ukanda wa udongo kando ya ukuta, upana wa hatua moja na nusu, hasa upande mifereji ya bafu na paa inapomwagia. Gari lipate njia yake ya zege, watu wapate pa kukaa, lakini ukanda huo ubaki. Mafundi wa pevingi waulizwe bei ya kazi hiyo, maana ni ndogo kuliko ya kuziba yote. Wenye nyumba za kupangisha wasimkataze mpangaji kuweka ndoo mbovu na viroba vya udongo mlangoni kwake. Kiroba kimoja cha kilo 50 kinabeba miche mitano ya chainizi au mti wa nyanya chungu. Na halmashauri zetu, ambazo hukagua choo na karo kabla ya kutoa kibali, zikague pia maji ya mvua yatakwenda wapi. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini hapa. Bonde la Msimbazi lilifurika kwa sababu nyingi, na sitazipunguza ziwe moja. Lakini kila ua uliozibwa hupeleka barabarani maji ambayo zamani yaliishia chini ya mwembe, na barabara huyapeleka mtoni, na mtoni kuna watu.

Mvua za masika ya mwaka jana zilianza wiki mbili baada ya lile lori kuondoka. Usiku wa kwanza nilisikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia hapa nyumbani, kama mtu anayemwaga maji kwenye sinia lisilokwisha. Ni ua wa jirani. Asubuhi maji yake yalikuwa yamepita chini ya ukuta, yamefika kwangu. Nikachukua jembe, nikachimba mfereji mdogo, nikayaelekeza kwenye matembele.

Jirani mwenyewe alikuja mwezi wa Agosti. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi na bibi wa bwana harusi, anayetoka Pangani, alikuwa ameuliza habari za kikuba. Alisimama mlangoni akiwa na aibu kidogo. Nilimpa mkasi na ungo, tukachuma pamoja: mrehani, waridi mbili zilizokuwapo, na asmini tukaiacha mpaka jioni ili vitumba vishikwe kwa wakati wake. Alirudi magharibi ilipokaribia, tukamalizia. Kabla hajaondoka aliomba kijiti cha asmini cha kupanda. Nilikata kimoja chenye macho manne, nikamweleza macho mawili yaingie udongoni na mawili yabaki juu. Akasema hana udongo. Nikamjazia ndoo iliyopasuka ubavuni, mboji nusu na kichanga nusu, akaibeba kichwani mwenyewe. Nikipanda kwenye kichanja cha tangi naiona, iko pale katikati ya pevingi, na wiki iliyopita ilikuwa imetoa majani mapya sita.